Amitriptilini kwa daktari wa simu: mwongozo kwa wagonjwa wa Bukavu

Umemweleza daktari kwa simu kwamba nyayo zinawaka moto usiku, au kwamba mgongo unakuchoma mpaka kidole cha mguu, naye amekuandikia dawa. Unafika farmasi, unafungua katoni, unasoma karatasi ya ndani: « antidépresseur », yaani dawa ya huzuni nzito. Hapo wengi huacha dawa bila hata kuionja. Wanadhani daktari hakuwasikia, au amewahesabu kati ya wenye wazimu. Kuna na wengine walioandikiwa kwa sababu ya huzuni isiyokwisha na kukosa usingizi, kisha shangazi mwenye mgongo mbovu akiona katoni yao anasema, « Hii si ni dawa yangu ya mishipa? » Shangazi hajakosea, na daktari pia hajakosea. Amitriptilini (kwenye katoni utaisoma « Amitriptyline ») inafanya kazi zote mbili, na kinachotofautisha kazi hizo ni kiasi unachomeza.

Dawa hii ilianza kuuzwa mwaka 1961 kwa ajili ya sonona, yaani depresheni. Inazuia seli za neva zisirudishe haraka kemikali mbili zinazopelekeana ujumbe, serotonini na noradrenalini. Kichwani, kemikali hizo zinahusika na moyo wa mtu kuinuka au kuzama. Kwenye uti wa mgongo zinapunguza nguvu ya ujumbe wa maumivu unaopanda kwenda ubongoni. Ndiyo sababu inasaidia maumivu yanayotoka kwenye neva yenyewe: yale ya kuwaka, kuchoma, kupiga kama umeme, kama ya mwenye kisukari au ya mtu aliyepona mkanda wa jeshi lakini ngozi ikabaki inamuuma.

Kwa maumivu ya neva daktari huanza na 10 hadi 25 mg usiku, na wagonjwa wengi huishia kati ya 25 na 75 mg. Kwa sonona ya mtu mzima huanza na 25 mg, akapandisha polepole wiki kwa wiki hadi 75, 100, pengine 150 mg. Chini ya 75 mg mtu mzima atalala vizuri, lakini sonona yenyewe mara nyingi inabaki palepale. Mzee hupewa kidogo kuliko hapo. Kwa watoto na vijana wenye sonona dawa hii haitumiki, kwa hiyo daktari akitaka kumwandikia mtoto wako wa miaka 14 mwenye huzuni, mwombe akueleze kwa nini hakuchagua nyingine.

Basi swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: « Dokta, dawa hii unanipa kwa kazi gani, na tunaelekea miligramu ngapi? » Jibu lake liandike. Litakuokoa baadaye, wakati utakapojiuliza kama dawa imeshindwa au haijafikia kiasi chake.

Kabla ya kupiga simu

Daktari aliye Kinshasa au Ubelgiji hawezi kukushika mkono akahesabu mapigo ya moyo. Anajua kile tu unachomwambia. Kwa hiyo siku moja au mbili kabla ya miadi, pita kituo cha afya cha kartie yako, wakupime uzito, mapigo ya moyo kwa dakika, sukari ya damu na tansio. Tansio ipimwe ukiwa umelala chali dakika 5, halafu simama, ipimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwambie daktari kabla ya jambo lingine lolote. Amitriptilini inazidisha mshuko huo, na mtu wa namna hiyo ndiye anayeanguka usiku akienda chooni.

Kama umri umesogea, kama umewahi kuzimia, kama moyo hukudunda ovyo, au kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, uliza kuhusu kipimo cha umeme wa moyo (ECG). Kipimo hicho kinafanyika mjini kwenye hospitali kubwa. Karatasi yake ipige picha kwenye mwanga wa mchana, bila kivuli cha simu, na uitume kabla ya miadi.

Kisha kusanya dawa zote unazotumia, kila katoni uipige picha mbele na nyuma. Weka na za uzazi wa mpango, za kifua kikuu, ARV, matone ya macho na mizizi uliyonunua sokoni Kadutu. Watu huficha mizizi kwa sababu wanaogopa kugombezwa, lakini daktari anayeijua mapema ana nafasi ya kuepuka kukuchanganyia.

Jiandae pia kujibu maswali ambayo pengine hutayapenda. Je, umewahi kupata degedege au kifafa? Dawa hii inaweza kurahisisha kifafa kuja. Umewahi kupata shambulio la moyo, hasa hivi karibuni? Ukipata jibu la ndiyo hapo, dawa hii kwa kawaida haitolewi. Presha ya jicho? Mkojo unaotoka kwa shida, hasa kwa baba mwenye prostati? Umewahi kupitisha siku kadhaa bila usingizi lakini una nguvu nyingi, unaongea bila kukoma, unagawa pesa na kuanzisha mipango mikubwa? Hili la mwisho watu hulisahau, kwa sababu wakati ule walijisikia vizuri. Lakini mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa tena kule juu, akaharibu kazi na nyumba. Mwambie ndugu anayekujua akae karibu kwa swali hilo, kwani yeye anakumbuka usichokumbuka.

Halafu swali la kutaka kufa. Likiulizwa, jibu ukweli wote. Daktari hatakuona mbaya. Jibu lako linaamua utapewa vidonge vingapi kwa mara moja na nani atavitunza.

Jambo moja la kifua kikuu tulitaje hapa, kwa sababu linapotea mara nyingi. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, inaweza yenyewe kuchoma neva za miguu. Tiba ya hapo ni vitamini B6 na kurudi kwenye kituo kinachokupa dawa za TB. Ukinyamaza kuhusu TB, utaandikiwa amitriptilini kufunika maumivu huku neva zinaendelea kuharibika.

Siku ya miadi

Hesabu saa vizuri. Bukavu iko saa moja mbele ya Kinshasa: daktari wa huko akisema « 14 h », kwako ni saa tisa alasiri. Ubelgiji na Ufaransa majira yao ya joto saa ni sawa na yetu, majira ya baridi wako nyuma saa moja. Miadi mingi inapotea hapa tu.

Chaji simu asubuhi kabla umeme haujakatika. Nunua mega za kutosha, na weka unite kidogo za kupiga kwa kawaida kama intaneti ikilala. Video si ya lazima muda wote. Iwashe dakika chache za mwanzo daktari akuone uso, namna unavyotembea na namna unavyokaa, kisha mwendelee kwa sauti peke yake. Sauti inayosikika vizuri ina faida kuliko picha inayoganda.

Mahali pa kuzungumzia ni shida kubwa katika nyumba zetu, ambapo chumba kimoja kina watu sita. Vaa visikilizio ili angalau maswali yasisikike. Kama hata majibu yako hayawezi kusemwa pale, mwambie daktari mwanzoni: « Siko peke yangu. » Atauliza maswali ya ndiyo na hapana, au atakuomba uandike yale mazito. Kama Kifaransa kinakuchosha, usikikazanie. Mtu akieleza uchungu wake kwa lugha isiyo ya moyoni hupunguza nusu ya mambo. Omba daktari wa Kiswahili, au mtafsiri unayemchagua wewe, na asiwe mtoto wako.

Kabla hujalipa, omba jina kamili la daktari na namba yake ya Ordre des médecins, yaani chama rasmi kinachosajili madaktari. Daktari wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Anayekataa, anayekuuzia dawa yeye mwenyewe ndani ya mazungumzo hayohayo, au anayeahidi kukuponya kwa siku tatu, achana naye hata kama bei yake ni nafuu.

Kusoma ordonansi

Ordonansi inayokubalika ina tarehe, jina lako na umri, jina la dawa, nguvu ya kidonge, namna ya kumeza, muda, sahihi, muhuri na namba ya daktari. Picha ya karatasi iliyokunjwa, yenye mwandiko usiosomeka, farmasi makini wataikataa, na wana haki. Mwombe daktari atume PDF, au aandike kwa herufi kubwa apige picha tena.

Chukua mfano: « Amitriptyline 25 mg, ½ cp au coucher × 7 j, puis 1 cp au coucher, QSP 1 mois ». Hapo « cp » ni kidonge, « au coucher » ni wakati wa kulala, « j » ni siku. Siku 7 za kwanza unameza nusu kidonge, yaani 12.5 mg, kisha kimoja kizima. « QSP 1 mois » humwambia muuza dawa atoe vya kutosha mwezi mmoja. Ukiona « 0-0-1 », namba hizo ni asubuhi, mchana, usiku: hakuna asubuhi, hakuna mchana, kimoja usiku. Makosa makubwa hutokea kwenye « 1 cp/j » peke yake, kwa sababu haitaji saa, na mtu akimeza asubuhi atasinzia kazini mpaka jioni, kisha atasema dawa ni mbaya. Kama saa haikuandikwa, uliza.

Angalia pia kwamba daktari ameandika miligramu. « Kidonge 1 » si kipimo, kwa sababu kuna vya 10, vya 25 na vya 50.

Farmasi

Vya 25 mg ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi. Vya 10 mg ni vigumu, kwa hiyo kama daktari ameandika 10 mg mjulishe hali ya mji kabla ya kuzunguka bure. Mara nyingi atakubali nusu ya 25. Kikate kwa wembe safi juu ya sahani, nusu iliyobaki uimeze kesho yake. Usikisage wala kukitafuna: ni kichungu na kinatia ganzi ulimini.

Soma jina herufi kwa herufi. Kuna « aminophylline », dawa ya pumu, inayoanza kwa herufi zilezile, na mkono wenye haraka huchukua isiyo yako. Usikubali kubadilishiwa kwa maneno ya « hii nayo ni ya neva ». Mara nyingi utakuwa unapewa karbamazepini au diazepamu, ambazo kazi yake ni nyingine na hatari zake ni nyingine. Mpigie daktari ukiwa bado umesimama pale kaunta.

Chagua vidonge vilivyo ndani ya kifungashio chake, vyenye namba ya LOT (toleo la kiwandani) na tarehe ya EXP (mwisho wa kutumika) inayosomeka. Vile vinavyohesabiwa kutoka kopo na kutiwa kwenye kikaratasi huwezi kujua vilikaa wapi na kwa muda gani. Ukipata namba ya LOT, iandike. Kama katoni ya pili itakuwa ya kiwanda kingine na ghafla ukajisikia tofauti, daktari atataka kujua hilo.

Wiki za kwanza

Meza kati ya saa mbili na saa tatu usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala. Ukimeza saa sita usiku utaamka mzito. Chakula hakibadilishi kitu, meza na bugali au bila bugali.

Mambo hayaji kwa pamoja. Usingizi huja usiku wa kwanza au wa pili. Maumivu ya neva huanza kulegea baada ya wiki moja au mbili, na hukumu ya haki hutolewa baada ya wiki 6 hadi 8, zikiwemo angalau mbili kwenye kiasi cha juu unachokivumilia. Sonona inachukua wiki 4 hadi 6 tangu ufikie kiasi kinachotosha. Kwa bahati mbaya madhara yenyewe huja siku ya kwanza. Kwa hiyo kuna kipindi cha siku kumi hivi ambacho mtu anaona hasara bila faida, na hapo ndipo watu wengi sana huacha. Ukikijua mapema unakivuka.

Kinywa kinakauka. Kunywa maji kidogokidogo, tafuna bazoka isiyo na sukari, piga mswaki mara mbili, kwani mdomo mkavu huozesha meno. Tumbo linafunga: lengalenga, sombe, maharage, papai, maji ya kutosha na kutembea, yote hayo uyaanze siku ya kwanza, usingoje siku ya tano bila choo. Macho yanaweza kuona ukungu kwenye maandishi ya karibu. Usikimbilie kununua miwani, subiri wiki chache. Uzito huongezeka kwa wengine, na mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi.

Kizunguzungu cha kusimama tunakichukulia kwa uzito kuliko hayo yote. Usiku, ukitaka kutoka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda uhesabu hadi sitini, ndipo usimame ukishika kitu. Bukavu ni mji wa miteremko, na vyoo vingi viko nje, chini ya ngazi za udongo zinazoteleza mvua ikinyesha. Mzee anayeanza dawa hii awekewe ndoo chumbani na tochi karibu na mkono. Mfupa wa nyonga ukivunjika, maumivu ya neva yatakuwa jambo dogo.

Dereva wa pikipiki au wa gari asiendeshe siku za kwanza, wala siku mbili tatu baada ya kila kupandishiwa kiasi, mpaka ajue asubuhi inamkuta vipi. Vilevile fundi wa mabati.

Kila jioni andika kwenye daftari mambo matatu: maumivu kutoka 0 hadi 10, saa ulizolala, na jambo moja ulilolifanya mchana. Hili la tatu linaonekana la kitoto, lakini kwa mgonjwa wa sonona ndilo linaloonyesha mabadiliko kabla yeye mwenyewe hajayahisi: jana alishinda kitandani, leo amefua nguo, keshokutwa amekwenda kanisani. Picha ya ukurasa huo ndiyo daktari wa mbali anayoihitaji kwenye miadi ya pili.

Visivyokaa pamoja

Tramadoli. Inauzwa mjini bila ordonansi, na mwenye maumivu ya neva mara nyingi alikuwa akiimeza tayari kabla ya kumpata daktari. Ikiungana na amitriptilini, kifafa kinaweza kumjia hata mtu ambaye hajawahi kukipata. Pia serotonini inaweza kuzidi mwilini: kutetemeka, jasho, homa, kuchanganyikiwa, misuli kurukaruka. Mtaje daktari tramadoli hata kama unaona aibu kuitaja, na kama umeitumia kwa muda mrefu usiiache kwa siku moja. Atakupangia namna ya kushuka. Kwa maumivu ya kawaida ya kichwa, parasetamoli haina ugomvi na amitriptilini.

Malaria. Hapa kwetu hakuna mtu atakayetumia dawa hii miezi sita bila kupata homa. Artemeta-lumefantrini (wengi huiita Coartem) na kwinini zinagusa mwendo wa umeme wa moyo, na amitriptilini nayo hugusa hapohapo. Lumefantrini pia hupunguza uwezo wa ini kuondoa amitriptilini, ikabaki nyingi damuni. Usiache malaria bila tiba, kwani inaua haraka. Fanya kipimo kwanza, usinunue dawa kwa kukisia, na mwambie muuguzi kwa maneno haya: « Ninatumia amitriptilini, miligramu kadhaa kila usiku. » Kuna tiba nyingine za malaria, na daktari anaweza kuamua ipi itumike au kama amitriptilini ipumzishwe. Moyo ukidunda ovyo au ukizimia katika siku hizo, nenda hospitali.

Pombe. Primus moja, kasiksi au kanyanga vinazidisha usingizi na kizunguzungu, na kanyanga ni mbaya kuliko vyote kwa kuwa hakuna ajuaye nguvu yake. Mtu anayekunywa kila siku aseme ukweli kabla ya kuanza, kwa sababu na kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta kifafa.

Vidonge vya mafua na mzio vya zamani, klorofeniramini na prometazini, vinakausha na kusinzisha kama amitriptilini. Ukiviunganisha, mkojo unaweza kukwama na mzee anaweza kuanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Fluoksetini na flukonazoli zinapandisha amitriptilini damuni. Karbamazepini inaishusha. Kama ulikuwa kwenye fluoksetini mwezi uliopita, itaje, kwa sababu hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuiacha.

Mjamzito au anayetaka mimba asiache kwa uamuzi wake mwenyewe, ampigie daktari wiki hiyohiyo. Anayenyonyesha pia aseme. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo, na mara nyingi mama huendelea, mtoto akiangaliwa asisinzie kupita kiasi.

Hatari isiyongoja miadi

Katika wiki za kwanza, hasa kwa mwenye umri chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Nguvu za mwili hurudi mapema kuliko matumaini. Mtu wa nyumbani ajue hili waziwazi. Akimwona mgonjwa ametulia ghafla baada ya fadhaa, anagawa vitu vyake au anaaga watu, asimwache peke yake na ampigie daktari saa hiyohiyo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo tunashauri vidonge vya wiki moja tu kwa mara moja, vikae kwa ndugu, chini ya kufuli. Kufanya hivyo ni kumlinda, hata kama mwenyewe atalalamika kwamba hamumwamini.

Kufuli ni kwa ajili ya watoto pia. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo, na rangi yake inafanana na peremende.

Mtu akimeza vingi, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, msimtapishe. Msimpe maziwa wala mawese. Mpelekeni mara moja Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa au Panzi, ile iliyo karibu, mkiwa na katoni mkononi. Msidanganywe na kwamba anaongea na kutembea: katika saa chache za kwanza hali inaweza kugeuka ghafla, kifafa kikaja na moyo ukavurugika. Mwambieni daktari jina la dawa na idadi iliyopungua. Hospitalini wanaweza kumpa bikaboneti ya sodiamu kwenye mshipa ili kutuliza moyo, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyosaidia.

Hospitali ni ya siku hiyohiyo pia kwa jicho linalouma ghafla likawa jekundu, mkojo uliokwama kabisa, degedege, au mtu aliyeacha kulala na kuanza kuongea bila breki.

Dawa ikikaribia kwisha

Hesabu vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya siku 10, tuma ujumbe wa ordonansi mpya. Barabara hufungwa, ziwa huchafuka, pesa za simu hukwama, na farmasi iliyokuwa nayo mwezi uliopita inaweza kukosa. Siku kumi zinatosha kutafuta bila hofu.

Ukisahau usiku mmoja, acha, endelea usiku unaofuata kwa kiasi kilekile. Usimeze viwili. Ukiikosa kwa siku nyingi na ulikuwa kwenye kiasi kikubwa, usirudi moja kwa moja kwenye 100 mg: piga simu, kwani mwili umeshasahau na unaweza kuanguka kwa mshuko wa tansio.

Amitriptilini haimfanyi mtu mtumwa wake kama pombe. Lakini ukiiacha ghafla utapata kichefuchefu, kichwa kuuma, ndoto mbaya na hasira, na utadhani ugonjwa umerudi. Inashushwa kwa hatua, kwa muda wa wiki 4 au zaidi. Aliye kwenye 75 mg anaweza kupangiwa 50 mg wiki mbili, 25 mg wiki mbili, kisha nusu kidonge, kisha basi. Kwa sonona, daktari huanza kuongelea kuacha miezi 9 hadi 12 baada ya mgonjwa kupona vizuri. Kujisikia vizuri mwezi wa pili ni ishara kwamba dawa inafanya kazi, bado si ruhusa ya kuiacha. Kwa maumivu, muda unaweza kuwa mfupi zaidi, na kama wiki 8 zimepita kwenye kiasi kinachotosha bila nafuu yoyote, hakuna sababu ya kuendelea kuimeza. Iteremshwe, itafutwe njia nyingine.

Kuna wagonjwa ambao simu haiwatoshi: anayesikia sauti zisizokuwepo, asiyekula wala kunywa, anayetaka kufa na hana wa kumlinda, mwenye ugonjwa wa moyo pamoja na sonona nzito. Hao waende SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Frères de la Charité hapa Bukavu, au hospitali kubwa iliyo karibu. Beba daftari la kila jioni, ordonansi zote, katoni hata zilizo tupu, na mtu anayeishi na mgonjwa. Namba ya daktari wa simu iandike juu ya ordonansi ya mwisho, ili daktari wa kituo aweze kumpigia palepale kabla ya kuanzisha dawa nyingine juu ya hii.